Kichupa cha Mama Mkwe

Mlioniacha wiki iliyopita nimechuchumaa nyuma ya duka la dawa, nikimwomba Mungu anipe ama tone moja ama kifo, karibuni tena. Sikufa. Tone lilitoka, na lilipotoka nikatamani lingebaki lilipokuwa.

Kwa aliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mshona kola katika kiwanda cha mashati. Nina mume, nina mama mkwe, sina mtoto, nina UTI. Kati ya hao wote, UTI ndiyo inayonipenda zaidi. Inaaga, nashukuru, na kabla sijamaliza kushukuru imesharudi na mizigo yake.

Chanzo chake kinajulikana. Kiwandani kwetu kila mstari wa mashine una kibao kimoja cha chooni. Ni ubao mwekundu wenye kamba, unauvaa shingoni ukienda kujisaidia, ukirudi unamvisha mwenzako. Bila kibao hutoki. Sasa kibao kikiwa shingoni mwa yule jirani yangu mshona vifungo, ambaye chooni huenda kuongea na simu, wewe mwenye shida zako utabana mpaka macho yageuke rangi.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikaamua nisinywe maji. Asubuhi naingia mkavu, jioni natoka mkavu, hata chai naionja tu kwa heshima. Kibao kinapita, mimi nakitazama kwa dharau. Ujanja ule ndio ulionimaliza, jamani, wala sijalogwa na mtu.

Ikinibana naenda duka la dawa. Dozi nzima ni chakula cha nyumba nzima, kwa hiyo nanunua nusu. Nikianza kupata nafuu naacha, vidonge vinavyobaki naviweka kwenye kopo la majani ya chai kwa ajili ya safari nyingine. Kopo lile lina vidonge vyeupe, vya njano, vyekundu nusu na vyeusi nusu. Wenzangu wana akiba benki, mimi akiba yangu inaisha muda wake.

Hospitali waliniambia wazi. "Mkojo wako unatakiwa kuoteshwa," daktari alisema, "tuone ni wadudu gani na dawa ipi inawaua. Hivi unavyofanya unawazoesha tu." Nikauliza bei. Akanitajia. Nikacheka, na kwa hali yangu kucheka nako kuna gharama. Nilitoka mle ndani nimejifunga kanga nyuma.

Basi wiki hii msimamizi akasimama juu ya kiti, akapiga makofi, mashine zikanyamaza.

"Wafuatao wanaingia ajira ya kudumu," akasema. Akasoma, akasoma. Mwisho akanitazama. "Na wewe, Dada Kibao."

Ndiyo jina langu pale kazini. Sikulichagua.

Mstari mzima ukanishangilia. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali kimawazo. Ajira ya kudumu ina bima, na bima ina maana ya kuotesha mkojo bila kutoa hela mfukoni. Niliona wadudu wangu wakiaga mmoja mmoja. Machozi yalinitoka palepale kwenye kola ya mtu.

"Kesho mtapimwa afya kwa nesi wa kiwanda," msimamizi akaendelea. "Presha, damu na mkojo."

Machozi yakakatika.

Mshona vifungo akaniinamia sikioni. "Mwenzangu, umesikia? Mkojo. Yule mpiga pasi wa mwaka jana si alirudishwa kwa sababu ya mkojo mchafu?"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

Mnaona? Mkojo wenyewe ndio ninaoutafutia bima, na mkojo huohuo ndio utakaoninyima. Nilishona kola zote za mchana ule kichwa chini, na moja niliishona kwenye mkono wa shati.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anaanua nguo. Niwaeleze kidogo kuhusu huyu mama. Alimzaa mume wangu akiwa bado msichana, wasiotujua hudhani ni dada yake. Amefiwa na mumewe, akahamia kwetu, analala chumba cha nyuma. Mdomo anao. Kila nikikimbilia chooni huuliza, "Vipi, ni mjukuu wangu huyo, au ni kile kibofu chako?" Lakini usiku nikiwa na maumivu yeye ndiye hunichemshia maji bila kuombwa. Kwa hiyo tunanuniana na kupendana kwa zamu.

Nilimweleza yote. Akaweka kapu chini.

"Na ukishindwa?"

"Nabaki kibarua, mama. Na wadudu wangu."

Akafikiri, akavuta pumzi, akasimama kama mtu anayejitolea kwenda vitani. "Chukua wangu."

"Wako nini?"

"Mkojo! We binti, unataka nitangazie jirani? Mimi nakunywa maji, sijawahi kuugua huko chini tangu nizaliwe. Na mambo ya mwezi nimeshastaafu, hutakuta hata alama ya damu. Mkojo wangu ukiuweka juani unaona upande wa pili."

"Mama, si itakuwa udanganyifu?"

"Nani atajua ni wa nani? Mkojo hauna jina."

Nyie, nilipiga magoti kumshukuru. Akaniambia niinuke haraka, kwa kibofu changu kupiga magoti ni hatari.

Asubuhi nikakuta kichupa mlangoni, kimefungwa kwenye mfuko, safi, cha moto. Mama mkwe alisimama pembeni amejishika kiuno, anajivunia. Nikakiweka kifuani kisipoe. Njia nzima nilitembea nimekumbatia mkojo wa mama mkwe, nikiwasalimia watu kwa kichwa.

Kwa nesi nikapewa kichupa kitupu, nikaelekezwa chooni. Nikamimina. Mgongo unauma upande mmoja, baridi imenipanda ingawa wenzangu wote walikuwa wanajipepea. Nikasema ni wasiwasi tu. Nikanawa, nikampelekea nesi kwa mikono miwili.

Baadaye akaniita mbele ya wenzangu.

"Huyu," nesi akasema, amenyanyua kichupa juu, "ndiye mwenye mkojo safi kuliko wote hapa! Hebu simama, dada. Waambie wenzako siri yako."

"Siri yangu?"

"Wanakuja hapa wote wamejaa UTI kwa sababu hawanywi maji na wanabana. Wewe umefanyaje?"

Nikasimama. Kule chini panawaka moto, nimebana mapaja, natabasamu. "Ni... ni kunywa maji," nikasema. "Na ukihisi haja, nenda. Usibane."

"Mmemsikia huyo!" nesi akafurahi. "Na dozi?"

"Dozi unamaliza yote. Usiache katikati ati kwa sababu umepata nafuu."

"Mpigieni makofi."

Wakanipigia makofi. Mshona vifungo alinitazama kwa macho ya mtu aliyeona mwizi anahubiri. Sikumlaumu.

Ndipo nikasikia lililonivunja miguu. Nesi akageukia dada mmoja wa mstari wa mikono, akampa pakiti. "Wewe una UTI. Hii ni dozi nzima, kiwanda kinalipa. Ukimaliza njoo tupime tena, ikirudi tutauotesha. Haya, umepita, hongera."

"Amepita?" nikaropoka. "Na UTI yake?"

"Sasa nimrudishe mtu kwa UTI? Si nitafunga kiwanda!" Nesi akacheka. "Tunawatibu bure."

"Na yule mpiga pasi wa mwaka jana?"

"Yule? Alipata kazi kwingine, akaacha mwenyewe."

Wasomaji wangu, nilitamani kujizaba kofi hadharani. Ningekojoa tu mkojo wangu mwenyewe, huu mchafu wangu niliopewa na Mungu, ningetoka na dozi nzima mkononi bila kutoa hata senti. Badala yake nimebeba usafi wa watu kifuani mwangu njia nzima.

Nikamfuata nesi pembeni. "Nesi, hivi... naweza kurudia kupima?"

"Urudie nini na wewe uko safi?" Akafunga mlango, akashusha sauti, uso umemchanua. "Ila nilitaka nikuambie hili ukiwa peke yako. Kaa."

Nikakaa nusu kiti.

"Hongera. Una mimba."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi hapana."

"Wote husema hivyo mwanzoni. Kipimo cha mkojo hakina shaka, mistari yote miwili imekolea."

Kichwa changu kilichelewa kufika. Kwanza nilifurahi. Ndiyo, kwa muda mfupi nilifurahi kweli, maana nimemsubiri mtoto tangu niolewe, nikashika tumbo. Halafu nikakumbuka mkojo ulikuwa wa nani.

Nikacheka. Nikashindwa kuacha. Nesi akanipa maji, akadhani ni furaha.

"Usiogope kazi," akasema. "Umepita. Kadi ya bima ya muda hii hapa, mjamzito hasubiri mwisho wa mwezi. Hospitali yetu ile kubwa itakupokea, majibu yako yote watanitumia mimi. Tena kuanzia leo huhitaji kibao, mjamzito anakwenda chooni muda wowote."

Mnasikia? Ajira, bima, na choo bila kibao. Vitu vyote nilivyovililia miaka yote vimewekwa mezani mbele yangu, na bei yake ni kunyamaza tu. Nikanyamaza. Nikachukua kadi, nikaitia pale kifuani palipokuwa na kichupa.

"Na dawa?" nikajaribu mara ya mwisho. "Mgongo unaniuma, nesi, na nahisi baridi."

"Mgongo ni mimba hiyo. Usimeze kidonge chochote bila daktari. Chochote!"

Msimamizi naye alipanda tena kwenye kiti, akatangaza mimba yangu, makofi tena. Jioni nilipita chooni bila kibao, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikakaa humo kama malkia na tone langu moja la moto. Mshona vifungo, ambaye tunapanga nyumba moja, alinitangulia nyumbani kwa sababu yeye hakuwa na la kufanya chooni. Simu ilikuwa imeisha chaji.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani, mume wangu alishajua.

Alinidaka mlangoni. Mwanaume yule hana maneno mengi, siku ya harusi yetu alisema "ndiyo" na akaona inatosha. Jioni ile aliongea mpaka akapaliwa. "Mke wangu! Mbona hukunipigia? Nisikie kwa watu? Kaa! Usiiname! Nani kakuambia ubebe mkoba?"

"Mume wangu, subiri nikueleze..."

"Usinieleze kitu, pumzika." Kisha akasimama, akapiga paji la uso. "Zile dawa zako!"

"Dawa zipi?"

Alikuwa ameshafika kabatini. Akachukua kopo la majani ya chai, akatoka nalo mbio kuelekea choo cha uani. Nilimkimbilia. Nilimkuta ameliinamisha, vyeupe, vya njano, vyekundu nusu, vyote vinatumbukia shimoni.

"Hutameza tena sumu hizi," akasema kwa upendo. Angalau vilinitangulia kufika kule.

Ndipo mama mkwe akaingia uani, ametoka kisimani amebeba ndoo kichwani. "Kuna nini tena? Mbona mnachungulia choo wawili wawili?"

"Mama!" mume wangu akampokea ndoo. "Unapata mjukuu!"

Nyie, kile kigelegele! Mama mkwe alikipiga mpaka majirani wakafungua madirisha. Akaniacha mimi akamkumbatia mwanawe, akamwacha mwanawe akanikumbatia mimi, akacheza, kanga ikamfunguka, akaifunga huku anacheza. Nilijaribu kumkonyeza. Alidhani namkonyezea raha, akanikonyeza naye.

"Na nesi hajabahatisha," mume wangu akasema. "Kaona kwenye mkojo. Ule wa leo asubuhi!"

Kigelegele kikakatikia katikati.

Mama mkwe alibaki mdomo wazi, ulimi juu. Akanitazama. Nikamtazama. Akatazama tumbo langu, halafu akashusha macho taratibu kwenye la kwake.

"Mama, vipi?"

"Furaha, mwanangu," akasema, na akakaa juu ya ndoo ya maji.

Nilimshika mkono nikampeleka chumba cha nyuma, nikafunga mlango.

"Uliubadilisha njiani," akasema. "Niambie uliubadilisha."

"Sikuubadilisha, mama."

"Uliangusha, ukakinga wa mtu mwingine."

"Mama."

Akajifunika uso na kanga. "Mimi nilidhani ni umri. Nilisema nimestaafu. Miezi hii natapika, nasema ni mafuta ya kukaangia. Mungu wangu, mwanangu ana ndevu!"

"Ni nani, mama?"

"Usiniulize jina."

Nikakumbuka vile vikao vya kikundi cha kina mama kila Jumamosi, ambavyo huviendea amejipaka mafuta na kurudi akiimba. Nilitaka kucheka. Halafu nikaona machozi yanapita katikati ya vidole vyake, na kicheko kikanishinda kutoka. Huyu ndiye aliyenichemshia maji usiku. Huyu ndiye aliyenipa mkojo wake akijivunia.

"Nimwambie ukweli mumeo?" akauliza. "Niambie, mwanangu. Nitamtazamaje? Baba yake nilimlilia mbele yake, nikaapa sitakuwa na mwanaume mwingine."

"Na mimi nikisema ukweli, mama, nimedanganya vipimo. Kazi imekwenda na bima imekwenda."

"Basi usiseme."

"Nisiposema, natibiwa nini?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza jioni ile. Akaweka kiganja shingoni kwangu, akakiondoa haraka. "We! Unaungua!"

Nilikuwa naungua kweli. Meno yanagongana, ubavu unachoma mpaka mgongoni, na kila nikivuta pumzi unanikata. Mara zote nilizougua haikuwahi kupanda huko juu. Nilijua, na mama mkwe naye alijua, kwamba hii si ile yangu ya kuchekesha tena. Niliogopa, jamani. Nimewachekesha wiki hizi zote, lakini pale niliogopa kufa kwa sababu ya kibao.

Mlango ukasukumwa. Mume wangu, jasho linamtoka, kofia mkononi.

"Nimepata gari. Nilipokudaka mlangoni nilihisi joto lako. Nimepiga simu hospitali ile ya bima yako, nikawaambia mke wangu mjamzito ana homa. Wamesema mjamzito mwenye homa aende sasa hivi, asisubiri." Akaweka kichupa kitupu juu ya kitanda. "Na wamesema tuokoe muda, twende na mkojo. Mama, msaidie. Nawasubiri nje."

Mlango ukafungwa. Injini ikawaka.

Tukakitazama kile kichupa. Wangu ungeniponya, na kesho nesi angejua sina mimba. Wake ungenilindia kazi, na ungenirudisha kitandani na moto wangu bila hata kidonge kimoja kwenye kopo.

Honi ikapigwa. Mama mkwe akafuta machozi, akafungua kifuniko, akaninyooshea kichupa, halafu mkono wake ukasita hewani, kati ya tumbo langu na lake.

"Haya, mwanangu," akaninong'oneza. "Safari hii tunaweka wa nani?"